Kituliza Mtutu: Jina Lisiloahidi Kupita Kiasi

Mfasiri akabidhiwaye kanuni za mashindano ya kulenga shabaha atakutana na chombo kidogo kifungwacho kwenye mdomo wa mtutu, ambacho washindani hukiita kompenseta. Akilifuata neno la kigeni kwa maana yake ya kawaida, atafika kwenye “fidia”, na pengine ataandika “kifidia”. Hapo atakuwa amepotoka. Fidia ni malipo ya hasara, na chombo hiki hakimlipi mtu kitu. Ili tukipatie jina, hatuna budi kujua kwanza kinafanya nini, na kwa kiasi gani.

Risasi itokapo mtutuni, gesi ya baruti huifuata kwa nguvu. Kompenseta ina matundu upande wa juu. Gesi ipitayo katika matundu hayo huusukuma mtutu chini, na hivyo hupunguza kunyanyuka kwake. Basi nguvu ya chombo hiki ni gesi. Gesi ikiwa haba, kazi nayo huwa haba.

Sasa tuitazame karabini ya mashindano itumiayo risasi za bastola, ambayo chama cha walenga shabaha cha USPSA, huko Marekani, kiliifungulia daraja lake mwaka 2016. Risasi yake ya milimita 9 hubeba baruti ya kiasi cha gramu 0.3 tu, ilhali risasi ya bunduki ya milimita 5.56 hubeba karibu gramu 1.6. Aidha, mtutu wa karabini hiyo aghalabu hufika inchi 16, na gesi hiyo chache hupanuka njiani hata ikafika mdomoni imekwisha kulegea. Tena nyingi kati ya karabini hizi zina bolti nzito irudishwayo nyuma kila risasi inapolipuka. Sehemu kubwa ya mtikisiko anaouhisi mpigaji hutokana na bolti hiyo, wala matundu ya mdomoni hayawezi kuuondoa.

Historia nayo yatoa ushahidi. Bunduki ya Thompson ya muundo wa 1928, iliyotumia risasi za bastola, ilifungwa kompenseta ya Cutts. Muundo huo uliporahisishwa mwaka 1942 na kuitwa M1, kompenseta iliondolewa, na bunduki ikaendelea kutumika vitani.

Je, chombo hiki hakina maana? La hasha. Kwenye bastola za mashindano zenye mtutu mfupi na baruti nyingi, kina faida iliyo wazi. Kwenye karabini, faida yake ni ndogo: mshindani hodari, ambaye sehemu ndogo ya sekunde humshindisha au humshinda, aweza kuitaka, mwanafunzi atanufaika zaidi kwa mazoezi na kwa kurekebisha uzito wa bolti na springi yake. Kelele na upepo huwasumbua walio kando.

Kwa sababu hiyo hatuoni kuwa “kizuia mnyanyuko” lafaa, kwani chombo hakizuii bali hupunguza. Tunapendekeza “kituliza mtutu”, kwa kufuata mfano wa “kipaza sauti” na “kizima moto”. Chombo kielekezacho gesi kando au nyuma ili kupunguza msukumo wa nyuma kiitwe “breki ya mtutu”. Kipunguzacho mwanga wa baruti, “kificha mwali”. Na kipunguzacho mlio, “kizuia sauti”.

Tofauti hizi si za mapambo. Katika nchi nyingi kizuia sauti hudhibitiwa kwa sheria kali, na kituliza mtutu huenda kisiguswe kabisa. Mfasiri akivichanganya katika hati ya forodha au ya mahakama, mtu aweza kushtakiwa kwa kumiliki chombo asichokuwa nacho. Na ajabu ni kwamba kituliza mtutu hakipunguzi mlio hata kidogo, bali huuelekeza kwa walio jirani.

Twawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayapime majina haya kwa kipimo kimoja: je, jina latamka kazi ya chombo, bila kupunguza wala kuzidisha?