Mtoto akitoka soba, kazi ya nyumbani ndiyo inaanza

Dar es Salaam. Wazazi wengi wenye kijana aliyezama kwenye unga wanaijua safari ya kumtoa maskani. Vikao vya ukoo, ahadi za kila Jumapili, simu na sufuria zilizopotea ndani, usiku wa arosto, mpaka siku anapokubali mwenyewe kwenda soba au kliniki ya methadone.

Kinachofuata hakizungumzwi sana. Kijana anarudi na begi lake, amenenepa kidogo, ananukia sabuni. Shangazi anapiga vigelegele, pilau linapikwa, na baada ya siku chache kila mtu anarudi kwenye shughuli zake akiamini yameisha.

Kitabibu, wiki hizo za kwanza nyumbani ndizo za kuogopa kuliko nyingi zilizotangulia.

Sababu ni rahisi kuielewa. Mwili wa anayetumia heroini kila siku huizoea, ndiyo maana kete moja ya mwanzo huwa mbili, kisha nne. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia, iwe soba, hospitali au rumande, mazoea hayo yanaondoka. Siku akiteleza na kununua kiasi kilekile alichoacha nacho, mwili unakipokea kama wa mtu ambaye hajawahi kuugusa unga. Pumzi inapungua, kisha inasimama. Vifo vya namna hiyo hutokea, na mtaani husemwa kijana amelogwa, au soba ndiyo imemmaliza.

Mzazi anayelijua hili hamwambii mtoto kwamba anamsubiri ateleze. Anamwambia ukweli mapema, kwa sauti ya kawaida: “Mwanangu, sitaki utumie tena. Lakini ikitokea, usijifungie chumbani peke yako. Niite, sitakupigia kelele usiku huo.” Kwa wazazi wengi hiyo ni sentensi ngumu kutamka. Wengine wanaona ni kama kumpa ruhusa. Ukweli ni kwamba anayejificha kwa hofu ya kufukuzwa ndiye anayekutwa asubuhi akiwa amekufa.

Dalili za kuzidiwa zinafahamika: haamki hata akitikiswa, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida au anapumua kwa nadra, midomo na kucha vinageuka rangi ya bluu au kijivu, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Hapo maziwa hayasaidii, na kumnywesha chochote mtu asiyejitambua kunaweza kumpalia. Alazwe kwa ubavu, asiachwe peke yake, akimbizwe hospitali, na daktari aambiwe wazi alichotumia. Ipo dawa inayoitwa naloxone inayoweza kurudisha pumzi kwa dakika chache, lakini mhudumu lazima ajue anatibu nini. Aibu ya kusema “amepata presha” imepoteza muda wa watu wengi pale mapokezi.

Dawa kwa dawa?

Tanzania ilianza kutoa methadone Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Baadaye huduma ikafika Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani, ikiwamo Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga, na Zanzibar katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Ni dawa ya maji, mgonjwa anainywa kila siku mbele ya mhudumu, bila malipo.

Swali la wazazi ni lilelile miaka yote: si amebadilisha dawa kwa dawa tu? Tofauti ipo kwenye namna inavyofanya kazi. Heroini hupanda haraka na kushuka haraka, hivyo mtumiaji hushinda akitafuta kete inayofuata. Methadone inapanda polepole na kukaa mwilini zaidi ya saa 24. Ikipimwa vizuri inazuia arosto bila kumfanya mtu abembee, na anaweza kwenda kazini, kulea watoto na kulala usiku. Wataalamu huufananisha uraibu na kisukari au presha: ugonjwa wa muda mrefu, wenye vipindi vya kutulia na vya kuchachamaa. Hakuna mama anayemwambia mwenye presha aache vidonge kwa sababu sasa anaonekana mzima, ila kijana wa methadone husikia hivyo kila wiki kutoka kwa ndugu zake mwenyewe.

Methadone hutibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Haitibu bangi, mirungi wala pombe. Kwa pombe kuna tahadhari ya peke yake: aliyekunywa sana kwa miaka akikatishwa ghafla nyumbani, anaweza kutetemeka, kupata degedege na kuona vitu visivyokuwepo. Huyo aanzie hospitali. Kumfungia ndani “mpaka pombe imtoke” kunaweza kumuua.

Pia kliniki inapaswa kujua dawa zote nyingine anazotumia. Rifampicin, iliyo ndani ya dawa za kifua kikuu, hupunguza nguvu ya methadone mwilini, na mgonjwa anaanza kusikia arosto ingawa hajakosa dozi hata siku moja. Asiposema, anarudi kwa muuzaji akidhani tiba imeshindwa. Vidonge vya usingizi na pombe vina hatari ya upande wa pili. Vikichanganywa na methadone vinaweza kuzima pumzi. Na pale mgonjwa aliyetulia anaporuhusiwa kubeba dozi ya kunywea nyumbani, chupa ikae kabatini na kufuli. Funda moja linaweza kumuua mtoto mdogo.

Sufuria ikipotea mtaa wa tatu

Nje ya geti kuna kesi nyingine. Kijana aliyewahi kuitwa teja anabaki teja kwa majirani hata akikaa mwaka mzima bila kugusa kitu. Sufuria ikipotea mtaa wa tatu, watu wanakuja kwake kwanza. Dar es Salaam tuhuma ya wizi si maneno matupu. Inaweza kuita kundi lenye hasira, na mambo yakaisha vibaya kabla polisi hawajafika.

Hapa ndipo mzazi anaweza kufanya jambo ambalo hospitali haiwezi. Familia imtambulishe upya kijana wake: kwa mjumbe wa shina, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa imamu au mchungaji, kwa jirani wawili watatu wenye sauti mtaani. Si lazima kueleza historia yote. Inatosha kusema anatibiwa, kila asubuhi anapita kwenda kliniki, likitokea jambo tuulizeni sisi kwanza. Lakini mwenyewe akubali kabla. Siri ni yake, hata kama fedheha iliwagusa wote.

Kuhusu fedha, familia nyingi huteleza kwa upendo. Kijana amerudi Jumatatu, Ijumaa amepewa mtaji au pikipiki ya mkataba “ili asikae bure”. Noti mkononi, simu mpya na saa nyingi barabarani ni vitu vilevile vilivyokuwa vikimpeleka maskani. Kazi inasaidia sana kupona, hilo halina ubishi, ila ianze ndogo, karibu na nyumbani, yenye mtu wa kumwajibisha. Kufungua duka na mama saa 12 asubuhi. Kushika hesabu za matofali. Nauli ya kliniki apewe kila siku, isikosekane, kwa sababu kwenda na kurudi siku 7 za wiki ni gharama halisi, na wapo wanaoacha tiba kwa kukosa nauli tu.

Kuna tiba nyingine ya kienyeji inayostahili kukomeshwa: kumuoza. Ukoo unakaa, unaamua kwamba mke atamtuliza. Binti wa watu anapewa mgonjwa bila kuambiwa, na mwaka wa pili anarudi kwao na mtoto mgongoni. Kumpeleka kijijini nako hakutibu kitu kama huko hakuna kliniki wala mtu wa kuzungumza naye.

Kinachobaki unga ukiondoka

Baadhi ya vijana walianza kutumia ili kunyamazisha kitu: msiba, kipigo, kubakwa, huzuni isiyo na jina. Unga ukiondoka, kile kitu kinarudi na sauti yake. Hata asiye na historia hiyo anaweza kukosa usingizi kwa wiki nyingi na kuona dunia haina ladha. Nyumbani hutafsiriwa kama uvivu au kiburi.

Sonona haiondoki kwa kukemewa. Mzazi aangalie kama kijana ameacha kula, anajifungia, anagawa vitu vyake, au anasema familia ingepumzika bila yeye. Aulizwe moja kwa moja, faraghani, kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi kunampa pumzi. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa na vitu vya hatari viondolewe, na apelekwe siku hiyohiyo kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa. Muhimbili wanacho, na Mirembe iliyopo Dodoma ni hospitali ya taifa kwa kazi hiyo. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kusaidia kuunganisha familia na huduma. Anayesikia sauti au kuamini anafuatwa, hasa aliyetumia bangi sana, naye ni wa hospitali. Maombi na dua viendelee, lakini minyororo na kulazwa njaa si tiba popote.

Kwa mabinti hali ni ngumu zaidi. Katika kliniki za methadone wanawake ni wachache kuliko wanaume, na si kwa sababu hawatumii. Wanafichwa. Kijana wa kiume akirudi anapigiwa vigelegele, binti anaulizwa alikuwa anapata wapi hela ya unga. Mjamzito anayetumia heroini huambiwa aache mara moja kwa ajili ya mtoto, wakati kuacha ghafla kunaweza kuhatarisha mimba. Methadone chini ya uangalizi wa daktari ni salama zaidi kwake, na kliniki ya wajawazito iambiwe.

Kwa anayefikiria soba, ziara moja kabla ya kulipa ina faida. Mzazi aulize kama imesajiliwa, nani anatoa dawa, mgonjwa akizidiwa usiku anapelekwa wapi, na kama ndugu wanaruhusiwa kumwona. Soba nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kutumia wenyewe, na huo ni utajiri, kwa sababu wanaijua hila kabla haijafanyika. Lakini palipo na fimbo au pingu, mzazi aondoke na mtoto wake. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapokea simu bure kupitia namba 119.

Jingine linalosahaulika mpaka siku yenyewe ni safari. Msiba unatokea Kigoma, familia nzima inapanda basi usiku, na mgonjwa wa methadone anakwenda bila dozi. Siku ya pili arosto inaanza katikati ya matanga, na akikosa siku tatu mfululizo au zaidi, hapaswi kurudishiwa kiwango cha zamani kabla ya kupimwa upya, kwa sababu kinaweza kumzidi. Kabla ya kukata tiketi, apitie kliniki yake aeleze anakwenda wapi na kwa siku ngapi, wamwambie kama ipo kliniki ya karibu na huko itakayompokea kwa barua, na kama haipo, afanyeje. Ikishindikana kabisa, abaki, na mtu mmoja wa familia abaki naye.