Moto katika majengo: waya mmoja unaogombanisha mafundi wawili

Jengo la gorofa nyingi linapojengwa, kazi ya kulikinga na moto haiko mikononi mwa fundi mmoja. Kampuni ya mabomba inafunga vinyunyizio vya maji kwenye dari. Kampuni ya umeme inafunga kengele pamoja na sanduku linalopokea habari ya hatari. Kila moja ina mkataba wake na bei yake. Shida inaanzia pale kazi hizo mbili zinapokutana.

Zinakutana kwenye kifaa kidogo kinachofungwa katika bomba kuu. Joto likifika karibu digrii 68, kichupa cha kioo cha kinyunyizio kilicho juu ya moto kinapasuka na maji yanatoka hapo tu, si katika jengo lote. Maji yakianza kutembea, yanasukuma kibao kilicho ndani ya bomba, na kifaa kinatuma habari kwa kengele.

Kifaa hicho ni cha nani? Kiko ndani ya bomba, basi ni cha fundi wa mabomba. Lakini kinasema kwa njia ya waya, basi ni cha fundi wa umeme. Pasipo makubaliano, kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ndiye ataleta waya. Mwenye jengo anaishia kulipa pesa za nyongeza. Ao, vibaya zaidi, jengo linafunguliwa waya haujaungwa: siku ya moto maji yatatoka, lakini hakuna atakayesikia kengele.

Huko Marekani na Kanada, kazi za ujenzi zinapangwa kwa namba katika kitabu kinachoitwa MasterFormat. Tangu 2004, mitambo ya kuzima moto iko katika sehemu ya 21, nazo kengele katika sehemu ya 28. Wengi wanafikiri kwamba namba hizo ndizo zinazogawa kazi. Sivyo. Mkataba wa kawaida wa chama cha wasanifu majengo wa Marekani, AIA, unaeleza kwamba mpangilio huo haumfungi mjenzi mkuu anapogawia kampuni ndogo kazi. Ni yeye anayepaswa kukata shauri.

Desturi iliyozoeleka ni hii: kampuni ya mabomba inanunua kifaa na kukifunga, kampuni ya kengele inaunga waya. Kisha wote wawili wanakuwapo siku ya jaribio. Vali ya majaribio inafunguliwa, yanatoka maji kiasi cha kinyunyizio kimoja, na kengele inapaswa kulia kabla ya sekunde 90 kupita.

Kuwa na vifaa pekee hakutoshi. Tarehe 23 Februari 1991, moto ulizuka katika gorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza, katika muji wa Philadelphia. Kengele ilikuwapo, lakini mtu wa kwanza kupigia wazima moto simu alikuwa inje ya jengo. Mabomba ya wazima moto yalikuwapo, lakini vali zake zilikuwa zimepimwa vibaya na maji yalikosa nguvu. Wazima moto 3 walipoteza maisha. Moto ulipanda hadi gorofa ya 30, ukazuiwa na vinyunyizio 10 tu.

Kwa anayejenga hoteli ao jengo la biashara Goma, Bukavu ao Lubumbashi, somo ni lile lile, tena kuna la kuongeza. Pahali umeme unakatika na bomba linakauka, vinyunyizio vinahitaji tanki na pampu. Fundi wa mabomba ataleta pampu. Nani ataipa umeme wakati muji mzima uko gizani?

Mbele ya kutia sahihi, mwenye jengo aandikishe majibu ya maswali manne kwa kila kifaa: nani ananunua, nani anafunga, nani anaunga waya, na nani anajaribu. Swali linalobaki bila jina la mtu, hapo ndipo moto utapita.