Je, Wajua? Chuo Kilichoihifadhi Serikali

Kabla Mji wa Serikali haujajengwa Mtumba, baadhi ya wizara zilizohamia Dodoma zilifanyia kazi katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Chuo chenyewe kilianza mwaka 2007 Chimwaga, kwenye ukumbi uliojulikana zaidi kwa mikutano mikuu ya CCM. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, lakini hadhi ya jiji ilikuja Aprili 26, 2018. Tangu hapo ujenzi haujapoa: Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato, na reli ya kisasa iliyoanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam Julai 2024. Dodoma ni kukavu, na kila ghorofa jipya linataka maji. Miradi ya maji isiachwe nyuma.