Parseli ya Uvira na swali la miaka 5

Wasomi wenzangu, nilisoma sheria, njo maana familia nyingi za huku Uvira zinaniletea karatasi za wazazi wao walio ng'ambo. Swali moja linarudi sana. Mama alikimbia vita mwaka 1996, akaishi kambini Nyarugusu, kisha akapelekwa Marekani pamoja na watoto. Sasa amezeeka, magoti hayabebi tena. Huku Mulongwe alibakisha parseli, na anataka kumpa mtoto wa dada yake, yule aliyeilinda miaka yote. Je, hiyo zawadi inaweza kumharibia msaada kule?

Inaweza. Tuone namna gani.

Kule Marekani, mzee akifika hatua ya kuogeshwa, kulishwa na kugeuzwa kitandani, iwe ni kwake ao kwenye nyumba ya wazee, kwa maskini anayelipa ni Medicaid. Hiyo ni programu ya serikali kuu pamoja na majimbo. Watu wengi wanaichanganya na Medicare, ambayo matunzo ya muda mrefu ya namna hiyo hailipi. Medicaid ya daktari na dawa, kwa watu wazima wengi wasiofika miaka 65, inatazama mapato tu. Lakini kwa matunzo ya muda mrefu inauliza pia mali. Katika majimbo mengi, mtu pekee hapaswi kuwa na zaidi ya dola 2,000 za mali inayohesabiwa. Nyumba anayoishi mara nyingi haihesabiwi. Ile ya Mulongwe haishi ndani yake.

Basi mtu anawaza: niitoe, nibaki mikono mitupu. Sheria iliwaza mbele yake. Fomu inauliza: katika miezi 60 iliyopita, ulimpa nani kitu bure, ao ulimuuzia nani chini ya bei? Sheria iliyotiwa sahihi Februari 2006 njo iliweka miezi 60.

Adhabu yenyewe ni hesabu ya kugawanya. Tuseme parseli ina thamani ya dola 24,000, na jimbo lake linahesabu kwamba nyumba ya wazee inagharimu dola 8,000 kwa mwezi. 24,000 kwa 8,000 ni 3. Miezi 3 Medicaid hailipi matunzo hayo. Utasema miezi 3 si kitu, itapita. Shida ni siku ya kuanza. Haianzi siku mama alipotoa zawadi. Inaanza pale anapokuwa tayari anahitaji matunzo, pesa imemwishia, na ametimiza masharti mengine yote. Ni kusema, anakatiwa msaada wakati hana parseli tena na hana kitu mfukoni. Hiyo miezi wataibeba watoto wake, wale wanaofanya kazi za usiku kwenye bohari na viwanda vya nyama.

Kuna pia SSI, pesa ya kila mwezi ya wazee na wenye ulemavu walio maskini. Yenyewe inatazama nyuma miezi 36, na mkimbizi ambaye hajawa raia anaipata kwa miaka 7 tu.

Sasa sehemu inayotugusa sisi tuliobaki huku. Zawadi si parseli peke yake. Bibi anayetuma dola 200 kila mwezi za masomo yako, kutoka kwenye pesa yake mwenyewe, anatoa zawadi. Afisa anaweza kuomba karatasi za benki za miaka 5 na kuuliza kila mara pesa ilienda wapi. Simwambii mtu akatae masomo. Ila risiti za shule na za univasite tuzitunze, na ujumbe wa bibi unaoonyesha alikuwa anatuma tangu zamani, akiwa bado na afya, usiufute kwenye simu.

Kwa sababu gani? Kwa sababu mlango mmoja muhimu ni huu: mtu akithibitisha kwamba alitoa kwa sababu nyingine kabisa, si kwa ajili ya kupata Medicaid, adhabu haiwekwi. Milango mingine ipo: kumpa mume ao mke, kumpa mtoto mwenye ulemavu, ao aliyepewa kurudisha kitu. Ipo pia ruhusa ya shida kubwa, lakini sitaitegemea.

Na kuthibitisha, kwa huku kwetu, ni kazi. Mama atasema: nilimpa mwaka 2015, kikao cha familia kilikubali, wazee walikunywa. Mimi ninamwamini. Lakini sheria yetu ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali, na haki yako juu yake inasimama kwa sertifika tu. Parseli nyingi za hapa ziko na fishi ao karatasi ya kuuziana yenye sahihi za mashahidi. Kama dosie yote ingali na jina la mama, afisa wa Marekani anaweza kusema bado ni mali yake, ao zawadi ilitolewa siku karatasi ilipoandikwa. Neno la kikao pekee halimwonyeshi tarehe.

Thamani vilevile. Inayohesabiwa ni bei ya soko siku ya kutoa. Parseli kando ya Mulongwe kabla ya mafuriko ya Aprili 2020 na baada yake si kitu kimoja, wala ile ya karibu na ziwa tangu Tanganyika ipande. Picha na karatasi ya bei ya siku ile zinaweza kuondoa miezi kwenye adhabu.

Na wale wanaosema "watajuaje kule parseli ya Uvira?" Fomu inatiwa sahihi chini ya kiapo. Kuficha ni kosa la jinai, na kwa asiye raia linaweza kugusa hata karatasi zake za kukaa nchini.

Huku kwetu hakuna afisa wa kuuliza hayo, sababu msaada wenyewe hakuna. CNSS inalipa pansio kwa aliyechangiwa, haijali parseli uliigawa kwa nani. Mzee wa Kalundu bima yake ni ile parseli, na akiigawa mapema anabaki kungojea roho nzuri ya watoto.

Kwa mama wa Marekani, mtoto wake amtafute wakili wa jimbo lile kabla sahihi yoyote haijawekwa huku. Majimbo yana sheria tofauti, na ofisi za msaada wa sheria bila malipo kwa wazee zipo. Sisi wa Uvira tuanze na fishi: jina la nani liko juu, na tangu tarehe gani.