Maziwa Yako Yamekaguliwa na Nani?

Je, chai uliyokunywa asubuhi ilitiwa maziwa gani? Kama unaishi hapa Kaptembwo, huenda yalitoka kwenye mtungi wa mchuuzi aliyeteremka nayo kutoka Njoro alfajiri.

Kiwandani, maziwa hupashwa joto la nyuzi 72 za Selsiasi kwa muda usiopungua sekunde 15. Mwishoni mwa bomba kuna kipimajoto na vali inayojiendesha. Joto likipungua, vali hugeuka yenyewe na kuyarudisha maziwa yakapashwe upya. Hakuna anayeulizwa. Siku hizi kompyuta hunakili kila kipimo na saa yake. Mimi huupenda mtambo huo kwa kuwa haumwonei mtu haya, wala hauna haraka ya kwenda nyumbani.

Mtungi wa mchuuzi hauna vali. Kile kipimo cha kuelea anachokutumbukizia maziwani hukuonyesha kama yametiwa maji, si kama yana vijidudu.

Nilipata kumtibu mama mmoja muuza mboga aliyekuwa na homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya mgongo. Alikuwa amekwisha kumeza dawa za malaria mara tatu. Mimi nami, nakiri, nilimwandikia za homa ya matumbo. Aliporudi ndipo nilipomwuliza kuhusu maziwa. Alikuwa akiyanywa mabichi, akiamini kuwa yana nguvu zaidi. Damu ilipopimwa, ikawa ni bruselosisi. Alitumia dawa kwa wiki sita.

Vijidudu vya ugonjwa huo viligunduliwa na daktari Mwingereza, David Bruce, kisiwani Malta mwaka wa 1887. Mwaka wa 1905 Themistocles Zammit akaonyesha kuwa mbuzi walikuwa wakivibeba. Mnyama mwenye navyo aweza kuonekana mzima kabisa.

Basi jikoni kwako, vali ni wewe. Maziwa yakifura mara ya kwanza usiyaepue papo hapo. Punguza moto, koroga, yaache yachemke sawasawa. Usiyaongezee mabichi baadaye. Wanaopenda mala wachemshe kwanza, kwani kuchacha pekee hakutoshi. (Kuchemsha nako hakuondoi mabaki ya dawa alizodungwa ng'ombe, hayo huhitaji kipimo kingine.)

Na homa ikikushika zaidi ya wiki mbili, mwambie daktari maziwa unayokunywa, hata asipokuuliza. Sisi pia husahau.