Nguli Jahili: Mwovu wa Katuni na Tatizo la Kumpa Jina

Baadhi ya istilahi zinazotumika katika uhakiki wa wahusika wa fasihi ya Kiswahili asili yake ni Kiarabu, na yafaa safari ya maneno hayo itazamwe kabla ya kuyatumia. Neno shujaa liliingia na maana ya uhodari, na sifa iliyomo ndani yake haikupungua. Jahili, ambalo katika Kiarabu humtaja mjinga, yaani mtu asiyejua, limegeuka katika Kiswahili likawa jina la mkatili, na wako wahakiki waliolichukua kumtaja mhusika mwovu. Nguli nalo katika uhakiki hutaja nafasi tu: ni yule ambaye masimulizi yamejengwa juu yake, awe mwema au mbaya. Tofauti hii kati ya neno la sifa na neno la nafasi yaonekana ndogo. Hata hivyo, ndiyo inayoamua kama mhakiki ataweza kumweleza mhusika aliyeingia hadithini akiwa mwovu wa kupita, akaishia kuimiliki hadithi nzima pasipo kutubu.

Mhusika wa aina hiyo hupatikana kwa urahisi zaidi katika hadithi za picha, kwa kuwa hizo hutoka mfululizo kwa miaka mingi na humpa mwovu muda wa kuzoeleka. Mfano ulio wazi ni Punisher, yaani Mwadhibu, wa kampuni ya Marvel ya Marekani. Alitokea kwa mara ya kwanza katika toleo la 129 la The Amazing Spider-Man, lenye tarehe ya Februari 1974, lililoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Ross Andru. Humo amekodiwa kumwua Spider-Man, kipenzi cha wasomaji, na amevaa vazi jeusi lenye fuvu kubwa kifuani. Kwa kila kigezo huyo ni jahili. Ni kweli kwamba mwishoni mwa kisa hugundua kuwa aliyemkodi alimdanganya, lakini hilo halimwondolei kazi yake ya kuua.

Mwaka 1975, katika jarida la Marvel Preview, wasomaji walielezwa chanzo chake: Frank Castle, aliyekuwa askari katika vita vya Vietnam, ambaye mkewe na watoto wake wawili waliuawa na majambazi katika bustani ya Central Park, New York, kwa sababu waliyashuhudia mauaji mengine. Mwaka 1986 akapewa mfululizo mfupi wake mwenyewe, ulioandikwa na Steven Grant na kuchorwa na Mike Zeck, na mwaka 1987 mfululizo wa kudumu.

Je, ni nini kilichobadilika kati ya mwaka 1974 na mwaka 1987? Matendo hayakubadilika hata kidogo, kwa maana Castle aliua mwanzoni na akaendelea kuua, pengine zaidi. Kilichobadilika ni nafsi. Katika toleo la 129 msomaji yuko upande wa Spider-Man, na Mwadhibu ni yeye, mtu wa kutazamwa na kuogopwa. Kufikia matoleo ya 1986 na 1987 visanduku vya maelezo vinazungumza kwa sauti ya Castle mwenyewe, mara nyingine kwa namna ya shajara ya vita, na yeye amekuwa mimi. Mauaji yale yale yakisimuliwa katika nafsi ya tatu huwa uhalifu. Yakisimuliwa katika nafsi ya kwanza huja yamefuatana na sababu, uchovu na kumbukumbu, na msomaji hujikuta anamngoja msemaji afanikiwe. Hapana hoja yoyote ya kimaadili iliyotolewa kumshawishi. Kiambishi cha nafsi kimeifanya kazi yote.

Mabadiliko hayo yalihitaji mlango, na mlango ulifunguliwa na kanuni. Tangu mwaka 1954 wachapishaji wa katuni wa Marekani walijifunga kwa kanuni zilizokataza uhalifu kuonyeshwa kwa namna itakayomfanya mhalifu ahurumiwe, na kutaka wema ushinde kila mara. Kanuni hizo zililegezwa mwaka 1971, na miaka mitatu baadaye Mwadhibu akatokea. Aidha, Marvel Preview, mahali kilipoelezwa kifo cha jamaa zake, lilikuwa jarida lisilokuwa chini ya kanuni hizo. Kwa hiyo kisa kilichomletea huruma kilisimuliwa nje ya mipaka ya mkaguzi.

Huruma hiyo haikubaki vitabuni. Fuvu la Mwadhibu lilikuja kubandikwa kwenye mavazi na magari ya baadhi ya askari wa jeshi na wa polisi nchini Marekani, watu walioapa kuilinda sheria ambayo mhusika huyo haitambui. Conway alilipinga jambo hilo hadharani, na mwaka 2020 akaanzisha kampeni ya kuitumia alama hiyo kuwachangia waliokuwa wakiandamana kudai haki za watu weusi. Waliobandika fuvu walikuwa wamemsoma nguli wakadhani wamesoma shujaa.

Kosa hilo la usomaji laweza kutokea popote, hata Ikonge katika Kaunti ya Nyamira, ambako mwanafunzi huanza na Ekegusii nyumbani na istilahi za Kiswahili huzipata darasani. Mwanafunzi huyo anacho kisa cha karibu zaidi. Mwezi Januari 1908 Otenyo, akichochewa na mwaguzi Moraa, alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza Geoffry Northcote, yule ambaye mwaka 1937 alikuja kuwa Gavana wa Hong Kong. Northcote alipona. Wagusii waliletewa jeshi lililochoma nyumba na kuteka mifugo, na Otenyo akauawa. Katika maandishi ya watawala Otenyo alikuwa mhalifu. Katika masimulizi ya Wagusii ni shujaa, naye hutajwa miongoni mwa waliopinga ukoloni.

Ni rahisi kusema kwamba Otenyo na Castle wamepita njia moja, nalo lingekuwa kosa kubwa. Otenyo hakuacha maandishi, wala hakupata kuwa mimi katika kitabu chochote. Waliomsimulia ndio waliobadilika, na walipobadilika tendo lake lilipata maana ambayo mtawala aliificha, yaani kuitetea nchi iliyovamiwa. Uovu aliobandikwa ulikuwa wa msimulizi. Uovu wa Castle ni wake mwenyewe, na masimulizi hayaufuti. Humfanya msomaji aketi karibu nao tu.

Katuni za Kiswahili zilipita njia nyingine tena. Jarida la Sani la Tanzania lilikuwa na Ndumilakuwili, aliyebuniwa na Philip Ndunguru. Ndumilakuwili ni nyoka anayedhaniwa kuuma kwa ncha zote mbili, na kwa hiyo ni mnafiki. Jina la mhusika ni hukumu iliyotolewa kabla hajafungua mdomo. Pamoja na hayo alipendwa, na Ndunguru alipofariki akiwa bado kijana katika miaka ya 1980, wachoraji wengine waliendelea kumchora. Hapa kicheko ndicho kilichofanya kazi ya nafsi ya kwanza. Mwovu huyu hahitaji mke aliyeuawa ili asikilizwe, na pengine katuni zetu zilikuwa aminifu zaidi kwa kutomtafutia udhuru.

Kiingereza humwita mhusika wa namna ya Castle kwa kulikanusha neno shujaa, kwa sababu neno lake moja limebeba nafasi na sifa kwa pamoja. Kiswahili hakilazimiki kufuata, kwa kuwa kimekwisha kuvitenga vitu hivyo viwili. Kinachotakiwa ni kuviunganisha upya: nguli jahili. Mpangilio wa maneno hayo nao una manufaa, maana nomino hutangulia na kivumishi hufuata. Nafasi hutajwa kwanza, kisha hukumu, na hukumu yaweza kubadilishwa bila kuigusa nafasi. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka ule ule wa 1974, ni nguli, lakini kumwita shujaa ni kumwonea na kumwita jahili ni kumwonea zaidi. Mwadhibu wa toleo la 129 ni jahili asiye nguli. Yule wa mwaka 1987 ni nguli, na kivumishi chake bado kiko pale pale.