Nguvu Hubaki, Miguu Huondoka

Umri haumwingii mpiganaji mwili mzima kwa pamoja. Huanzia miguuni. Bondia aliyezoea kurusha konde na kuhama anajikuta amechelewa nusu hatua, na hiyo nusu ndiyo mpinzani aliyokuwa akiingojea. Halafu kichwa: ngumi anaiona ikija, ila hawahi kuikwepa. Uzito wa konde ndio huchelewa kuondoka, na hapo ndipo anapodanganyika. Mazoezini anapiga pedi, mlio unajaa ukumbi mzima, vijana wanageuka kutazama. Lakini pedi hairudishi ngumi.

Francis Ngannou wa Kameruni alilijua hilo mapema. Mwanzoni mwa 2023, akiwa na miaka 36 na bado bingwa wa uzani mzito wa UFC, shirika la mapigano mseto (MMA), aliachana nalo baada ya kutoelewana kuhusu mkataba. Oktoba mwaka huo, mjini Riyadh, aliingia kwenye ndondi na kumwangusha Tyson Fury katika raundi ya tatu. Fury akaponea kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Machi 2024 Anthony Joshua akamlaza Ngannou raundi ya pili, na mitandaoni wakamcheka. Waache wacheke. Aliuza konde lake lingali na bei, akaliuza penye mnunuzi tajiri, kisha Oktoba 2024 akarudi kwenye MMA na kushinda katika raundi ya kwanza.

Utotoni Ngannou alichimba mchanga kijijini kwao Batié. Kijana wa Theta, huku Juja, hahitaji kuelezwa maana yake, kwa kuwa mawe ya machimbo ya Ndarugo yaliyojenga nusu ya ploti za Ruiru na Juja hayakujichonga yenyewe. Ila anayepakia mawe mchana na kwenda mazoezini jioni hana mkataba mnono wa kuukataa. Njia panda yake ni nyingine.

Ndondi za Kenya zilikuwa na jibu la zamani: ajira. Polisi, ambao timu yao ni maarufu kwa jina la Chafua Chafua, pamoja na jeshi na magereza, walimwandika bondia kazi angali kijana. Miguu ikiisha, alibaki na sare na mshahara, na wengine wakawa makocha wa waliowafuata. Kwa hiyo swali la kustaafu lilijibiwa siku ya kuandikwa kazi, wala si siku ya kipigo cha mwisho.

Waliotoka kwenda kutafuta ngumi za kulipwa walibeba hatari yao wenyewe. Philip Waruinge, aliyepewa Kombe la Val Barker kwa umahiri wake katika Olimpiki ya 1968 na kushinda medali ya fedha 1972, alianza kulipwa akikaribia miaka 30, huko Japani, kwa jina la Waruinge Nakayama. Nafasi ya mkanda wa WBC ilimjia 1976 nchini Panama, dhidi ya Rigoberto Riasco. Alishindwa, alikuwa na miaka 31. Robert Wangila, bingwa wa Olimpiki wa 1988, hakuufikia hata umri huo: alifariki Julai 1994, siku mbili baada ya pambano Las Vegas, akiwa na miaka 26. Ubongo hauhesabu miaka, unahesabu vipigo, vikiwemo vile vya mazoezini ambavyo haviandikwi popote.

MMA ya Kenya haina Chafua Chafua yake. Anayefika miaka 34 Thika hupewa ubaunsa wa klabu, ulinzi wa geti, au kufundisha. Ubaunsa unalipa wiki hii na kumrudisha kwenye ngumi bila refa. Kufundisha ndiko bora, lakini kuna sharti: aanze kabla hajaacha kupigana. Mzazi wa Ruiru anayelipia mtoto karate Jumamosi humtafuta mwalimu ambaye jina lake bado liko kwenye bango la pambano lijalo. Bango likishabanduliwa, atampeleka mtoto kwa mwingine.